Mnaojibu maswali ya GDB (dibaga, yaani programu ya kusakia makosa) ndani ya edita ya Emacs, mbona hamuulizi kwanza mtu kaifunguaje hiyo Emacs?

Wakuu, nimekasirika na sifichi. Siku tatu zimeteketea kwa majibu niliyopewa humu.

Nina programu ya C inayosoma mizani kwa waya wa USB. Ni ya mama mmoja anayenunua dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Ubovu wenyewe ni kwamba mara mojamoja uzito unaruka: gunia la kilo arobaini na kitu linasomeka kilo nne. Watu wamesimama na magunia yao tangu alfajiri, na pale kila kilo ni hela ya mtu. Ndiyo maana nilitaka kupita mstari kwa mstari na dibaga, nisibahatishe kwa kutapanya printf (amri za kuchapisha thamani kwenye skrini).

Kwenye terminali programu inaanza vizuri. Ndani ya Emacs, kwa amri ya M-x gdb inayoifungua GDB humohumo, nikiandika run inakufa kabla hata haijaigusa mizani: SIGSEGV (imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), ndani ya strlen, kazi ya C inayopima urefu wa maandishi. Nilikuwa nimekompaili kwa -g -O0 (na taarifa za dibaga, bila kuboresha kasi), nikaeleza yote hayo, nikaweka na picha ya skrini.

Wa kwanza akasema futa kila kitu, pakua upya. Nikapakua kwa bando langu usiku, umeme wa Igoma ukakatika katikati, nikaanza tena. Kosa likabaki palepale. Wa pili akanipa `gdb --annotate=3`. Jamani! Hiyo ni ya Emacs za kale. Tangu toleo la 24.1, mwaka 2012, M-x gdb inazungumza na GDB kwa `-i=mi`, na ukiiondoa Emacs yenyewe inalalamika. Nilikuja na tatizo moja nikaondoka na mawili. Wa tatu akaniambia nihame edita. Huyo simjibu.

Hakuna aliyeuliza swali moja tu: Emacs umeifungua kwa kubofya ikoni, au umeiita kutoka terminali?

Nilikuwa nabofya ikoni. Programu yangu inapata jina la kifaa, /dev/ttyUSB0, kutoka variabo ya mazingira (thamani ambayo programu huirithi kutoka kwa iliyoianzisha) niliyoi-export mwishoni mwa .bashrc, faili la mipangilio ya terminali. Terminali inaisoma .bashrc, ikoni haiisomi. Kwa hiyo Emacs haikuwa na ile variabo, GDB ikarithi upungufu huohuo, na programu ikarithi kutoka kwa GDB. getenv, kazi inayosoma variabo hiyo, ikarudisha NULL (yaani hakuna kitu), nami nikaipeleka moja kwa moja kwa strlen. Kutokagua NULL ni kosa langu, nalikubali na nimelirekebisha. Lakini silo nililokuwa nalitafuta, na nimelihangaikia usiku kucha nikidhani dibaga ndiyo mbovu.

Nililigundua peke yangu. Niliandika bt (orodha ya kazi zilizoitana hadi pale ilipofia), nikapanda kwa up hadi kwenye main, nikaandika print kifaa, ikatoka 0x0, yaani NULL. Kisha show environment ndani ya GDB: variabo haipo. Ukikwama hivi, anzia hapo. Kwa haraka tumia set environment kabla ya run, au funga Emacs uiite kutoka terminali.

Baada ya hapo ubovu wa mizani niliupata ndani ya nusu saa. read(), kazi inayosoma data ya mizani, ilikuwa inarudisha maandishi nusunusu: "4" inakuja kwanza, "8.60" inafuata, na mimi nilikuwa nageuza kipande cha kwanza kuwa uzito bila kusubiri mwisho wa mstari. Nusu saa, wakuu! Na yule mama amepima dagaa siku tatu kwa mizani ya kuazima.

Anayetaka kusaidia mtu aulize toleo la Emacs, toleo la GDB, na imefunguliwaje. Kama hujui, pita kimya, hakuna aliyekulazimisha.

Na wewe wa --annotate=3, karekebishe lile jibu lako. Bado liko juu kabisa, na jana kuna mwingine ameshalinakili.