Mjadala: Sanduku la siri la Labubu liwekewe umri kama bahati nasibu, au tumwachie mzazi?

Mleta mada
Labubu, yule mwanasesere wa manyoya mwenye masikio marefu na meno tisa ya msumeno, huuzwa ndani ya sanduku lililofungwa. Unalipa kwanza, rangi utaijua ukishafungua. Bei ya dukani China ni yuan 99, Marekani dola 27.99. Mwaka 2023 mamlaka ya usimamizi wa soko ya China ilitoa mwongozo wa majaribio: mtoto wa chini ya miaka 8 asiuziwe kabisa, aliyezidi hapo mpaka mlezi wake aridhie, na muuzaji atangaze uwezekano wa kupata kila kilichomo. Juni 2025 People's Daily, gazeti la chama tawala cha China, likataka masharti yakazwe zaidi. Je, hii ni kamari? Kama ni kamari, mlango ufungwe kwenye umri gani? Nawaomba tu tusiingie kwenye habari za pepo.

Kipanga
Mkuu, hilo la pepo ndilo linalowachanganya wazazi, tulimalize halafu tuendelee. Uvumi unasema Labubu ni Pazuzu. Pazuzu ni pepo wa Mesopotamia ya kale: ana mabawa, kucha za ndege na mkia wa nge. Labubu hana mabawa, hana kucha za ndege, mkia hana. (Tena Pazuzu mwenyewe alivaliwa na wajawazito kama hirizi ya kumfukuza Lamashtu, mla watoto wachanga. Kwa hiyo hata uvumi ungekuwa kweli, ungekuwa umekaa kichwa chini miguu juu.)

Asili yake inajulikana. Mchoraji Kasing Lung, aliyezaliwa Hong Kong na kukulia Uholanzi, alimtoa mwaka 2015 katika kundi la The Monsters, akichota kwenye ngano za viumbe wa misituni za Ulaya ya kaskazini. Labubu ni wa kike. Zimomo ndiye mkubwa wa ukoo, na yeye ana mkia. Tycoco ana kichwa cha fuvu.

Sasa tazameni alivyobadilika mwili. Kwanza alikuwa mchoro wa vitabuni na sanamu chache za wakusanyaji. Mwaka 2019 Pop Mart, kampuni ya midoli ya China, wakamchukua, wakamtia kwenye masanduku ya siri, na bado dunia haikushtuka. Oktoba 2023 ndipo alipopata uso wa vinaili (aina ya plastiki), mwili wa manyoya na kitanzi cha kuning'inizwa mkobani. Aprili 2024 Lisa, mwimbaji wa kundi la Blackpink la Korea Kusini, akaonekana naye. Mapato ya The Monsters mwaka 2023 yalikuwa yuan milioni 368, mwaka 2024 bilioni 3.04, na nusu ya kwanza tu ya 2025 bilioni 4.81. Sanduku lilikuwepo miaka minne kabla ya moto kuwaka. Kilichowasha moto ni umbo jipya lililotoka kabatini likaanza kutembea barabarani. Mkilipiga marufuku sanduku, mtakuwa mmemfunga asiyehusika.

Hesabu_Kwanza
Kipanga, sanduku halikuwasha moto, sawa, lakini ndilo linaloamua nani anaungua. Tupige hesabu.

Kasha la kiwandani la mfululizo kama Exciting Macaron, ule wa Oktoba 2023, lina masanduku 6, na rangi za kawaida ni 6. Ukinunua kasha zima halijafunguliwa, kwa kawaida unapata zote sita bila kurudia: yuan 594. Ile ya siri, yaani rangi adimu isiyo kati ya hizo sita, ikiwemo inachukua nafasi ya moja ya kawaida. Sasa mchukueni mtoto anayenunua moja moja kwa hela ya mfukoni, kila mara kutoka kasha jingine. Ili amalize seti ya sita atahitaji kwa wastani masanduku 14.7, tuseme 15: yuan 1,485. Seti ni ileile, yeye ameilipia mara mbili na nusu. Na uwezekano wa sanduku lake la kwanza mpaka la sita kutoka rangi tofauti zote haufiki 2 kati ya 100.

Ile ya siri imeandikwa 1 kwa 72. Watu husoma wakadhani ukifika 72 umeipata. Sivyo. Ukinunua 72 moja moja, bado una zaidi ya theluthi moja ya nafasi ya kurudi mikono mitupu. Kufikia nusu kwa nusu unahitaji masanduku 50. Kufikia 9 kati ya 10 unahitaji 165, yaani yuan 16,335. Kwa hiyo kutangaza "1 kwa 72" ni kutimiza sharti bila kumwambia mtu chochote. Mimi ningedai ubao wa dukani uandike hizo mbili, 50 na 165, pamoja na bei zake.

Kipanga
Wanaotikisa masanduku dukani umewasahau. Wapo wanaojua.

Hesabu_Kwanza
Kutikisa na kupima uzito kunasaidia kwenye sanamu za plastiki ngumu, ambako moja imeshika mwavuli na nyingine imekaa kitako. Macaron zote zina umbo moja, tofauti ni rangi. Mzani hauoni rangi.

Wakili_wa_Soko
Turudi kwenye swali. Mahali pengi kisheria kamari ina miguu mitatu: dau, bahati, zawadi. Miwili ya kwanza ipo bila ubishi. Wa tatu ndio unaochechemea. Sheria ya kamari ya Uingereza ya 2005 inataka zawadi iwe fedha au kitu chenye thamani ya fedha, na muuzaji atajitetea kwamba kila mnunuzi ameondoka na Labubu mmoja wa bei ileile ya dukani, hakuna aliyeshindwa.

Utamjibu kwamba soko la mitumba linapandisha bei ya ile ya siri mara kadhaa. Kweli. Lakini Juni 2025 kampuni ilipofungua oda za mapema na kujaza bidhaa, bei za walanguzi China zilianguka, nyingine kwa karibu nusu. Sasa kitu kile kile kiwe kamari mwezi wa tano na mwanasesere mwezi wa saba? Hakuna hakimu atakayekubali kupimia sheria kwenye bei ya mlanguzi.

Kwa hiyo njia ya bodi ya kamari naiona haifiki. Ulinzi wa mlaji mtoto ndiyo njia, na China wameielekea. Udhaifu wao ni kwamba ni mwongozo, na mwongozo unasimamiwa na nani mbele ya mashine ya kuuzia iliyosimama kwenye korido ya duka kubwa? Mashine haiulizi umri, inauliza malipo, na simu ya malipo ni ya mama.

Fundi_Midoli
Mleta mada anauliza umri. Umri umeshaandikwa! Pop Mart wenyewe humweka Labubu kwenye daraja la miaka 15 na zaidi. Ni kitu cha mkusanyaji. Anayemnunulia wa miaka mitano ameshapuuza lebo kabla hatujafika kwenye sheria yoyote.

Hofu yangu ni nyingine. Mkifunga mlango wa duka halali, mtoto ataangukia Lafufu, yaani feki. Agosti 2025 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilionya kwamba hizo feki zinaweza kumkaba mtoto. Uingereza wakaguzi walikuta macho, mikono na miguu inayong'oka, na mishono inayoachia pamba.

Namna ya kumkagua: shika jicho kwa vidole, vuta taratibu bila kushtua. Kiwango cha Ulaya kinataka kipande kinachozidi milimita 6 kihimili mvuto wa newtoni 90, karibu uzito wa kilo 9, kwa hiyo kikilegea kwa vidole tu, tupa. Fanya vivyo hivyo kwa viganja na nyayo, halafu kunjua manyoya shingoni uangalie mshono. Kipande chochote kinachotumbukia kwenye tundu la upana wa milimita 31.7 kinahesabika hatari kwa wa chini ya miaka mitatu.

Meno tisa yasikupe imani. Yakiwa kumi ujue ni feki. Yakiwa tisa hujajua kitu, wameshajifunza kuhesabu. Msimbo wa kuskani nao hautoshi, maana feki nyingine hufungua ukurasa wa kuigiza. Soma anwani herufi kwa herufi mpaka uone popmart.com.

Binti_Sokoni
Fundi, nakubali kuhusu macho. Ila Lafufu huning'inizwa wazi, unachagua unayemtaka. Yaani mwizi wa sura ndiye anayekuonyesha unachonunua, mwenye mali halali anakufichia. Pendekezo langu: aliye chini ya miaka 15 auziwe aliyefunguliwa, bei ileile, na ile ya siri ibaki kwenye makasha mazima ya watu wazima.

Wakili_wa_Soko
Hilo linasimamika dukani. Unamkagua muuzaji, humkagui mtoto.

Hesabu_Kwanza
Dada, kwa mauzo ya wazi rangi mbili zitaisha asubuhi na nne zitabaki rafuni mpaka zishushwe bei. Sanduku lililofungwa ndilo linalouza hizo nne kwa yuan 99. Kampuni haiwezi kukubali pendekezo lako kwa hiari.

Binti_Sokoni
Ndiyo maana nimesema iwe sheria.