Mwenye maktaba ya kodi za programu anasema haki yangu ya kuitumia imekoma. Naombeni ushauri

Mshonakodi: Wakuu, habari zenu. Usingizi umenipaa. Nimeandika programu ya kutunza hesabu za stoo, na ndani yake kuna maktaba (kodi iliyoandikwa tayari na mtu mwingine) ya kuchora majedwali yenye leseni huria ya GPL toleo la 3. Niliirekebisha kidogo, nikaiunga na kodi yangu, nikawapa wateja 9 programu iliyokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa lugha ya mashine. Sikuwapa kodi chanzo, yale maandishi ya programu anayoyasoma mtu, na faili la leseni nililifuta nikiona linajaza nafasi tu. Juzi mwenye maktaba kaniandikia barua pepe: nimekiuka masharti, haki yangu imekoma. Mimi nilijua kitu kikishatolewa huria, kimetoka. Anaweza kuninyang'anya? Na wateja wangu je?

Kanyagatwende: Mpotezee mkuu. Leseni za bure ni maombi tu, hakuna mahakama itakayohangaika nazo.

Bi_Seva: Kanyagatwende, usimpoteze mwenzio. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ya Marekani, katika kesi ya Jacobsen na Katzer, ilisema anayevunja masharti ya leseni huria anaweza kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki. Kilichogombewa ni programu ya kuendeshea treni ndogo za mfano, tena ya bure.

Mshonakodi, pole mdogo wangu. Huria haina maana kwamba haina mwenyewe. GPL inataka ukigawa programu, utoe na kodi chanzo yake na maandishi ya leseni. Kifungu cha 2 cha toleo la 3 kinasema haki ulizopewa hazitenguki ilimradi unatimiza masharti. Kwa hiyo hajakunyang'anya. Umeziangusha mwenyewe siku ulipogawa bila kodi chanzo. Ila toleo la 3 lina huruma. Soma kifungu cha 8 polepole: kama ni mara ya kwanza mwenye hakimiliki huyo kukuonya, na ukarekebisha kosa kabla ya siku 30 kupita tangu upokee onyo, haki zako zinarudi moja kwa moja. Toleo la 2 la mwaka 1991 halina mlango huo. Ukikosea, haki inakatika papo hapo. Ndiyo maana mwaka 2017 watengenezaji wengi wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambacho bado kiko kwenye toleo la 2, walitangaza kwamba nao watatoa nafasi hiyo ya siku 30.

Wateja wasikutie presha. Kifungu hichohicho kinasema kukatika kwa haki zako hakukati za waliopokea kutoka kwako.

Mshonakodi: Asante sana dada. Basi nikiitoa maktaba yake na kuweka nyingine yenye leseni ya MIT, ile isiyolazimisha kugawa kodi chanzo, si yamekwisha?

Bi_Seva: Kwa matoleo yajayo, ndiyo. Lakini nakala 9 ziko mikononi mwa watu na ndani yake mna kodi yake. Hao wapelekee kodi chanzo ya programu nzima, pamoja na marekebisho yako na maandishi ya leseni. Nzima, si ya maktaba peke yake, kwa sababu uliziunga zikawa kitu kimoja. Najua inauma.

Fundi_Mkimya: Nidandie hapohapo. Huyo wa MIT akibadili leseni kesho?

Bi_Seva: Atabadili ya matoleo mapya. Ulilolipokea chini ya MIT unaendelea nalo, ila usifute jina lake na maandishi ya leseni. Redis, wenye programu ya kuhifadhi data, walipobadili leseni Machi 2024, watu walichukua kodi ya mwisho iliyokuwa chini ya leseni huria ya BSD wakaanzisha mradi wao wa Valkey, na ipo hadi leo.

Mshonakodi: Mrejesho wakuu. Barua pepe ilikuwa na siku 11. Jana nimewatumia wote 9 kiungo cha kodi chanzo, faili la leseni nimelirudisha, kisha nikamwandikia mwenye maktaba kumweleza nilichofanya na kumwomba radhi. Asubuhi kajibu: ameipitia, ameridhika, na yale marekebisho yangu ya majedwali anayataka kwenye toleo lake lijalo.