Naombeni ushauri: naishi Dar na Nairobi, kodi nilipe wapi?

Wakuu, habari za leo. Naandika programu kwa kampuni ya Ujerumani, mkataba wa kujitegemea, malipo yanaingia kwa euro. Nina nyumba yangu Tabata, mama yuko humo. Mke wangu ameajiriwa Nairobi, kwa hiyo Namanga pale hadi wachoma mahindi wananijua.

Kila ninayemuuliza ananijibu "usifikishe siku 183 nchini kwa mwaka tu, basi". Nimesoma sheria zenyewe, si rahisi hivyo. Tanzania na Kenya zote zina kigezo hicho, ila zote zinasema pia kwamba ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukawepo hata muda mfupi ndani ya mwaka, wewe ni mkazi kwa mambo ya kodi. Halafu kuna wastani wa zaidi ya siku 122 za kuwepo nchini kwa kila mwaka, ukijumlisha mwaka husika na miwili iliyotangulia. Kigezo hiki watu hawakitaji kabisa!

Kwa TRA sina ubishi, mimi ni mkazi, na mkazi hutozwa kwa kipato cha kokote duniani. Shida ni KRA. Nyumba ya kupanga ya Nairobi imeandikwa jina la mke wangu. Je, itahesabiwa kuwa makazi yangu ya kudumu?

Mkataba wa Afrika Mashariki wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili ulisainiwa 2010, lakini mhasibu wangu anasema haujaanza kutumika. Kama ndivyo, kuna aliyewahi kulipa Kenya kisha TRA wakampunguzia? Walidai nyaraka gani?