Kamkandamiza mama yangu vidole kwenye kioo, halafu AKAJIFUTA MKONO

Mwana wa Mwambani:
Wakuu, leo sina hata salamu. Naandika nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, simu ina chaji asilimia kumi na moja na mikono inanitetemeka. Ndege ya kuunganisha imeshatuacha. Hilo wala sijali, kuna nyingine saa mbili usiku. Kinachoniliza ni yule bwana mkagua pasi wa hapa uwanjani. Kamshika mama yangu vidole, kavikandamiza kwenye kioo cha kusomea alama kama anapiga muhuri gunia la mkaa, kisha kachomoa tishu AKAJIFUTA MKONO. Mbele ya mama. Kidole kimoja kimoja, mpaka katikati ya vidole.

Mnaopita uwanja huu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kibanda cha mwisho kushoto, masharubu kama ufagio wa chelewa, hajaitikia salamu ya mtu tangu Vita vya Kagera.

Mama ana miaka 68. Ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege, tunakwenda Ujerumani, dada kajifungua. Tumeshuka hapa ili tubadilishe ndege, na hapa ndipo unapoingilia Ulaya yao, kwa hiyo ukaguzi wote unamalizwa hapahapa. Foleni sasa! Kichwa kiko kwenye mashine, mkia uko Chalinze. Kuna mtoto tumeingia naye foleni hana jino, tumefika mbele anatafuna mahindi ya kuchoma.

Mashine yenyewe imesimama kama jokofu la soda, kamera inapanda na kushuka kutafuta uso wako. Picha mama kapiga vizuri, katulia kama yuko studio siku ya Idi. Ikaja zamu ya vidole. Vinne vya mkono wa kulia. Taa nyekundu. Tena. Nyekundu. Mara ya tatu, nyekundu.

Wakuu, mama yangu anasuka ukili tangu mimi sijazaliwa. Mikeka ndiyo iliyotusomesha wote watano. Ncha za vidole vyake zimelainika zinang'aa kama kokwa la ukwaju, hata ukishika huhisi mstari. Na juu yake katiwa hina, maana anakwenda kumpokea mjukuu. Vidole hivyohivyo walishavichukua Dar tulipoomba viza, vyote kumi, kila mtu na yuro 90 zake. Sasa wanavitafutia nini tena?

Basi yule bwana akatoka kibandani. Hakusema neno. Kamshika mama kiganja kama anayeokota panya mfu, kakibamiza kwenye kioo, kakikandamiza mpaka kucha zikawa nyeupe. Taa ikawaka kijani. Imesoma! Mkono ni mzima! Na yeye akavuta tishu, akajifuta, akaitupa, akavuta YA PILI.

Mama kaona. Tangu tutoke pale mkono wa kulia kauficha ndani ya kanga. Nimemnunulia chai, kaipokea kwa kushoto. Mama huyu alikuwa anatuchapa mwiko ukipeleka tonge kwa kushoto! Namuuliza ameumia wapi, ananijibu, "Mwanangu, nyamaza, wasije wakaturudisha."

Tishu mbili, jamani. Mbili.

Kahawa Chungu:
Namjua huyo mtu!!! Masharubu, sivyo? Mwaka jana alinishikia pasi kwa ncha za kucha. Nikajua ni mimi tu.

Shemeji wa Wote:
Chai hii. Tishu ya pili umeihesabu saa ngapi na wewe unalia?

Mwana wa Mwambani:
Nimeihesabu kwa macho yangu mawili. Ya kwanza kaitupa kwenye ndoo ya bluu, ya pili kaifinyanga akaiacha juu ya meza. Nikifa leo nitaiona hiyo tishu kaburini.

Mlinzi wa Zamu:
Pole sana mkuu, ila tuelimishane. Huo ni mfumo wao mpya wa kuingia na kutoka, wanauita EES. Ulianza 12 Oktoba 2025 kidogo kidogo, na mpango ulikuwa ifikapo 10 Aprili 2026 uwe umeenea kwenye mipaka yote. Nchi ni 29 za Ulaya, Ayalandi na Saiprasi hazimo. Muhuri wa kwenye pasi ndiyo unazikwa, sasa kompyuta inakuhesabia siku zako 90 za kukaa kwao ndani ya kila 180, ukizidisha hata moja inakuumbua. Kwa mwenye viza, vidole viko tayari kwenye mfumo wa viza, pale wanalinganisha tu, kipya ni picha ya uso. Watoto chini ya miaka 12 hawawekwi vidole. Na mtu ambaye maumbile yake hayaruhusu kabisa kutoa alama halazimishwi.

Mwana wa Mwambani:
Ahsante kwa darasa, kaka. Lakini sijalalamikia mfumo mimi. Wachukue uso, wachukue vidole, wakitaka na nyayo wachukue. Nasema ALIJIFUTA MKONO.

Bi Mkubwa wa Ngamiani:
Mwanangu, hapo mlikosea kwenye hina. Mtu mzima unasafiri na hina mbichi? Kioo kitasoma hina au kidole? Mngesugua ndimu na chumvi siku mbili kabla.

Fundi Cherehani:
Ndimu haitoi hina, mama. Inatoa ngozi.

Bi Mkubwa wa Ngamiani:
Nimeolewa mara mbili, unanifundisha hina?

Tumbili wa Dodoma:
Yaani hina tu? Sisi mwaka 2020 wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, baba yangu mkulima wa jembe la mkono alikwenda siku nne. Siku ya nne yule kijana wa mashine akamwambia, "Mzee, nenda kaoteshe vidole urudi." Laini ikazimwa na hela zikiwa ndani. Huyo wa Ulaya angalau hakutukana.

Mwana wa Mwambani:
Kujifuta ni tusi! Tena la kimyakimya ndiyo zito, huwezi hata kulijibu.

Nanga Chini:
Marekani wanachukua vidole vya wageni tangu 2004, mbona hamkulia? Mnajifanya leo ndiyo mmegundua kioo.

Mkazi wa Baridi:
Mimi nina kibali cha makazi, huo mfumo haunihusu, napita pembeni. Mkiniona mnisalimie.

Kahawa Chungu:
Hakuna aliyekuuliza.

Mjukuu wa Forodhani:
Nyie mna nafuu. Sisi wenye pasi ya Uingereza siku hizi tunapangwa foleni moja na nyinyi. Na kwenda Ufaransa kwa treni, Wafaransa wanakupiga picha na kukuchukua vidole palepale London, stesheni ya St Pancras, hata treni hujaiona. Dover kwenye feri vilevile, unakaguliwa upande huu wa maji. Nimekaa na watoto wawili, mmoja anataka kukojoa, mwingine ameshakojoa.

Shemeji wa Wote:
Mlipiga kura wenyewe 2016 mkajitoa Umoja wa Ulaya. Kula matunda.

Mjukuu wa Forodhani:
Mimi nilipiga kura tubaki! Jirani yangu ndiye alitaka kutoka, na huyo hata pasi hana.

Mtoto wa Likoni:
Pole sana ndugu yangu, mwambie mama shikamoo kutoka Mombasa. Mimi walinitoa mtandio mbele za watu ndipo wanipige picha, na uso wote ulikuwa wazi. Nikawauliza, sikio langu mnalitakia nini? Hakuna aliyenijibu.

Bi Mkubwa wa Ngamiani:
Mtandio bora uvae wa pamba, wa hariri unateleza. Pale sokoni wanauza elfu nane.

Fundi Cherehani:
Elfu nane? Umeibiwa.

Tumbili wa Dodoma:
Mimi naomba kujua, laini iliyozimwa 2020 hela zake mtu anazidai wapi? Ilikuwa laki na arobaini ya pamba.

Nanga Chini:
Samehe, mkuu. Mtaji huo umeshazaa wajukuu kwa watu.

Mwana wa Mwambani:
Wakuu, tafadhali, tusitoke nje ya mada. Chaji imebaki asilimia nne. Nataka mtu mmoja tu anayepajua hapa aniambie, malalamiko yanaandikwa wapi, na kwa lugha gani? Mama bado kaficha mkono. Hata tasbihi anavuta kwa kushoto.

Mlinzi wa Zamu:
Andika jina la uwanja, tarehe, saa na namba ya kibanda. Bila namba ya kibanda watakuzungusha. Picha huruhusiwi kupiga pale, kwa hiyo kumbuka vizuri.

Mwana wa Mwambani:
Namba nilikuwa siangalii. Nilikuwa naangalia tishu.

Fundi Cherehani:
Bi Mkubwa, huo mtandio una upana gani?

Shemeji wa Wote:
Turudi kwenye mambo ya maana. Mtoa mada, hiyo mikeka mama bado anasuka? Nataka wa sita kwa nne, wa rangi. Bei mwisho ngapi?