Pu-erh Mji wa Kale: kipima unyevu kinasoma 82, nifanyeje?

Bint_Kibokoni
Asalaam aleikum. Nina keki tisa za chai ya pu-erh, ile ya Kichina inayoshindiliwa na kuachwa ikomae kwa miaka: sita mbichi (zinazokomaa zenyewe polepole) na tatu za kuivishwa (zilizochachushwa haraka kiwandani), gramu 357 kila moja. Zimo kwenye kabati la mbao, chumba cha chini, nyumba ya mawe Kibokoni, Mombasa. Tangu masika yaanze kipima unyevu kabatini kinasoma asilimia 82, joto nyuzi 29. Keki mbili zimetoka vidoa vyeupe upande uliogusana na ukuta. Karibu kila maelekezo ninayosoma yanasema niweke bakuli la maji humo ndani. Nifuate? Na vidoa ni kuvu au ni vichipukizi vya chai yenyewe?

Mzani_wa_Majani
Waaleikum salaam dada. Bakuli la maji usiliweke kabisa. Ushauri huo wameandikiwa watu wa nchi za baridi, ambako kupasha nyumba joto hukausha hewa hadi asilimia 30 na chai ikalala bila kukomaa. Huku mwambao shida ni kinyume chake. Ilenge 60 hadi 68. Ikipita 75 kwa siku kadhaa na hewa imesimama, kuvu huota. Joto la 29 lisikutie hofu. Linaharakisha kukomaa tu.

Kwanza hakikisha kipimo hakikudanganyi. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, tia chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka iwe kama mchanga wa pwani uliolowa. Isiyeyuke yote. Kitie pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, ukiache saa 24. Lazima kisome 75. Kikisoma 79, basi kila namba yake uipunguze 4.

Vidoa: tazama kwa lenzi, mchana, karibu na dirisha. Kichipukizi kina vinyweleo vya rangi ya fedha vilivyolala kufuata urefu wa jani, na ukikwaruza kwa kijiti cha meno havitoki. Kuvu husimama kama pamba, hupakaza kwenye kijiti, na keki hunuka uvundo wa nguo zilizokunjwa mbichi. Ikiwa ya kijani, nyeusi au ya manyoya, tupa keki nzima. Usimege kipande ukaokoa kilichobaki, maana nyuzi zake hupenya ndani usikoona.

Na kabati liondoe ukutani. Mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza maji kutoka ardhini, na ukuta wa chini ukiwa baridi kuliko hewa, unyevu hujikusanya hapohapo. Lipandishe ghorofani, liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani.

Orofa_ya_Tatu
Naongezea hapo kwenye kukausha, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Watu huifungia keki kwenye chombo kisichopitisha hewa ikiwa bado ina unyevu wa 82. Chombo kitabaki hivyohivyo 82, sasa bila hata upepo. Keki hubeba maji yake ndani.

Zitoe zile salama, ziache kwenye karatasi zake, uzipange kwenye chumba chenye AC iliyowekwa hali ya kukausha, kwa siku tatu hadi tano, upepo wa AC usizipige moja kwa moja. Kipimo kikitulia chini ya 65, zifungie palepale AC ikiwa bado inafanya kazi. Ukizitoa nje zingali baridi utazilowesha: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa 80 huacha umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Kwa hiyo chombo kikishafungwa kiache kwanza kipate joto la nyumba, ndipo ukifungue.

Chombo ni ndoo ya plastiki ya chakula au mfuko mnene wa alumini. Tia pakiti za kudhibiti unyevu za asilimia 62 au 65, zile zinazonyonya na kutoa. Moja ya gramu 60 kwa keki mbili inatosha. Ikivimba na kuwa majimaji, badilisha. Mbichi na za kuivishwa uzitenge, maana za kuivishwa zina harufu nzito ya udongo.

Bint_Kibokoni
Shukran sana. Nina silika jeli tele, je, haifai? Na mtungi wa udongo?

Orofa_ya_Tatu
Silika jeli haijui kusimama. Itavuta hadi chai iwe kavu kabisa, ladha ikafa. Mtungi usiotiwa vanishi ya kioo unapumua, nao kwa hewa yetu utakurudisha palepale kwenye 82. Friji ndiyo mbaya kuliko vyote: umande kila ukifungua, na harufu ya samaki.

Mzani_wa_Majani
Harufu ni nusu ya kazi. Udi wa Ijumaa, hiliki, karafuu, vidonge vyeupe vya kufukuzia mende: chochote kinachonukia chumbani kitaingia kwenye jani na hakitoki.

Kaka_wa_Tudor
Na chai nyeusi ya Kericho je, nayo niihifadhi hivyo?

Mzani_wa_Majani
La, kaka. Hiyo haikomai, inachakaa tu. Inatoka kiwandani na unyevu wa asilimia 3 hivi, na kazi yako ni kuulinda ubaki hapo. Ndiyo maana magunia ya karatasi inamosafirishwa yana utando wa alumini ndani. Tia kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, lijae, mbali na jiko. Chota kwa kijiko kikavu, na usifungue kopo juu ya sufuria inayofuka mvuke.