Je, nyimbo za injili za Dk. Remmy Ongala zinastahili nafasi katika vipindi vya zilipendwa?

Kila anapokumbukwa Dk. Remmy Ongala, husikika hoja kwamba mwanamuziki yule aliisha siku alipoacha muziki wa dansi na kugeukia injili, na kwamba nyimbo zake za mwisho zisiwekwe pamoja na zile alizopiga na bendi yake ya dansi, Super Matimila. Hoja hiyo siikubali hata kidogo.

Remmy, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na miaka mingi kabla ya kuokoka alikuwa tayari akihubiri jukwaani. Aliimba juu ya kifo kisichomhurumia yeyote. Aliimba "Mambo kwa Soksi", wimbo ulionyimwa nafasi Redio Tanzania kwa kuwa ulihimiza kondomu waziwazi wakati UKIMWI ukimaliza familia, na mimi nauhesabu kuwa mojawapo ya mawaidha ya kijasiri kuliko yote yaliyowahi kupigwa na bendi nchini. Albamu yake ya mwaka 1989 iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza iliitwa "Songs for the Poor Man", yaani nyimbo za mtu maskini. Mtu wa namna hiyo anapoimba injili ili kuwatia moyo wagonjwa na waliokata tamaa, amebadilisha chanzo cha tumaini, lakini anaowaimbia ni walewale.

Tusisahau pia kwamba kiharusi kilikuwa kimemwacha amepooza, na muziki wa dansi huishi kwenye kumbi hadi usiku wa manane. Tulitaka anyamaze?

Anayeyatamani magitaa ya Matimila yaliyofumana kwa ustadi ule ana haki yake, nami nayatamani. Wapo vilevile waumini wanaotaka nyimbo zake za dansi zisipigwe tena. Hao nao wanamkata mtu mmoja vipande viwili.

Basi watangazaji wa zilipendwa wasiishie pale alipoacha dansi, bali wapige pia nyimbo za miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki Desemba 2010. Anayeona hazifai atuoneshe ni ubeti gani unaomsaliti yule maskini aliyeimbiwa tangu enzi za Matimila.