Gundi gani inashika plastiki za stoo ya boti? Kila nikipaka inabanduka

mwenye_boti

Wakuu, nimekwama. Boti yangu ni ya faibaglasi, na chini ya kiti cha tezi kuna uwazi ambao nimeamua kuufanya stoo. Kuna sanduku kubwa la plastiki la kamba na maboya, sanduku dogo la zana, na rafu niliyoikata kwenye ule ubao mweupe wa plastiki nzito usiooza wala kunyonya maji.

Sanduku kubwa na rafu nilivipiga msasa, nikapangusa kwa spiriti, nikapaka epoksi. Ilikauka vizuri ikawa ngumu, lakini nilipoisukuma kwa kidole gumba ilitoka nzima, na chini yake plastiki ni safi kana kwamba haijawahi kupakwa kitu. Gundi ya kukauka papo hapo, hivyohivyo. Silikoni inashikilia kidogo, kisha inavutika na kuachia.

Ninachotaka: sanduku kubwa lisitembee boti ikipigwa na wimbi, rafu iwe na ukingo wa mbele ili vitu visidondoke, na ufa wa kona ya sanduku dogo uzibwe kwa sababu maji ya ngama yanaingia humo. Hilo dogo sijalipaka chochote bado. Sitaki kutoboa ganda la boti. Nitumie gundi gani?

kasia_moja

Mkuu, msasa wako ulikuwa laini mno. Chukua namba 60, kwaruza mpaka plastiki iote manyoya, halafu paka ile gundi nyeupe ya poliyurethani ya vyombo vya baharini. Kwangu imeshika sitaha miaka na miaka.

fundi_plastiki

Ndugu mwenye_boti, usinunue gundi nyingine kabla hujajua plastiki zako ni za aina gani. Naomba sana. Watu wanamaliza fedha kwenye gundi zenye sifa kubwa wakati tatizo liko kwenye plastiki yenyewe.

Kaka kasia_moja, gundi unayoisema ni nzuri kweli kwenye faibaglasi, mbao na chuma. Ila kwa poliethilini na polipropilini hata wanaoitengeneza hawaipendekezi. Msasa mkali unasaidia, lakini peke yake hautoshi, na sababu ni hii: ili gundi ishike lazima kwanza itandae na kulowesha uso wa kitu. Kila uso una nishati yake. Poliethilini ina takriban milinyutoni 31 kwa mita, na polipropilini iko hapohapo au chini kidogo. Epoksi ikiwa bado majimaji ina zaidi ya 40, yaani kubwa kuliko ya plastiki, kwa hiyo haitandai, inajikunyata. Ikishakauka inabanduka kama gamba la kidonda kilichopona. Ukikwaruza umeongeza mabonde na vilima tu, nishati ya uso ni ileile.

Sasa fanya vipimo viwili. Geuza kila kitu utafute alama ya pembetatu yenye namba: 2 na 4 ni poliethilini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC, 6 ni polistirini. Pasipo na alama, kata kapande kadogo ukatie majini, ukakasukume chini kwanza ili kasielee kwa sababu ya mapovu tu. Kakirudi juu, karibu hakika ni moja ya zile mbili sumbufu, maana ni nyepesi kuliko maji. ABS (plastiki nyingine ngumu), PVC na nailoni huzama. Ukijua, rudi hapa.

mwenye_boti

Shukrani fundi. Sanduku kubwa lina namba 5. Rafu haina alama, lakini kipande chake kinaelea. Sanduku dogo lilizama, na ndani ya kifuniko nimeona maandishi ABS.

fundi_plastiki

Safi, kila kimoja kina njia yake.

Nianze na dogo kwa kuwa ndilo rahisi. ABS huyeyuka kwa asetoni. Toboa tundu dogo, milimita 3 hivi, pale ufa unapoishia ili usiendelee kukimbia. Panua ufa kwa kisu uwe na umbo la V upande wa nje. Kwangua unga wa ABS ileile mahali pasipoonekana, uloweke kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo mpaka upate rojo zito, ujaze ufa kwa tabaka nyembamba na uache kila moja ikauke. Hapo hujagandisha vitu viwili, umeifanya plastiki iwe kitu kimoja tena. Fanyia nje penye upepo, mbali na moto wowote. Mvuke wa asetoni unashika moto upesi mno.

Sanduku kubwa: usiligundishe kabisa. Huu ndio ushauri ninaoujali kuliko mengine yote. Gundi ipelekwe inakokubalika, plastiki ishikwe kwa nguvu ya umbo. Wewe una ganda la faibaglasi, na epoksi inaipenda faibaglasi na inaipenda mbao. Kata papi za mbao, zipitishie epoksi pande zote zisinyonye maji, kisha zigundishe ndani ya ganda lililokwaruzwa vizuri zifanye fremu kuzunguka kitako cha sanduku. Kwenye papi za pembeni funga pete za chuma cha pua kwa skrubu fupi zisizovuka mbao, upitishe mkanda wa kufungia mizigo juu ya sanduku. Halitembei, ganda halina tundu hata moja, na siku ya kusafisha ngama unalitoa. Sanduku lililogundishwa huwezi kulitoa, na uchafu hukaa chini yake.

Rafu ni poliethilini nzito. Ukingo wake ufunge kwa skrubu za chuma cha pua zenye meno mapana, na utoboe tundu la kuongoza kwanza. Matundu ya kipande cha juu yawe mapana kuliko skrubu, na uweke washa, kile kiduara cha chuma cha chini ya kichwa cha skrubu. Usiyapuuze haya: ubao wa mita 1 wa plastiki hii, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka milimita 3 au zaidi. Stoo iliyofungwa juani hupanda nyuzi hizo bila shida. Ukibana kila kitu kwa nguvu, ubao utapinda au utang'oa skrubu.

mwenye_boti

Nimeelewa, na fremu ya papi nimeipenda. Lakini kuna sehemu moja siwezi kuweka skrubu: kishikizo chembamba cha tochi juu ya rafu, nacho ni poliethilini. Hakuna gundi kabisa?

fundi_plastiki

Zipo. Kuna gundi za akriliki za sehemu mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya plastiki hizi, mfano 3M Scotch-Weld DP8005. Ina uwiano wa 10 kwa 1, kwa hiyo tumia bunduki yake na ncha ya kuchanganyia, usikadirie kwa macho. Dakika 3 tu inaanza kushika. Panga vipande vyako kwanza.

Njia ya pili ni moto. Pitisha ncha ya mwali wa buluu wa kichomeo cha gesi juu ya uso haraka, kama sentimita 30 kwa sekunde, bila kusimama. Plastiki isiyeyuke wala isibadilike rangi. Moto huo unaoksidisha uso, na nishati yake hupanda. Nyunyiza maji kwenye kipande cha majaribio: yakitandaa badala ya kujikusanya matone, umefaulu. Kausha, kisha paka epoksi ile inayobaki na ulaini kidogo, ndani ya nusu saa, kwa sababu matokeo ya moto hufifia. PVC usiipitishie moto, moshi wake una asidi.

Kwa njia zote mbili, panga kiungo ili mzigo uteleze sambamba na gundi. Mzigo unaobandua kuanzia ukingoni hushinda gundi yoyote ile.

bahari_shwari

Nadandia hapohapo. Tangi langu la petroli ni poliethilini na lina ufa mdogo. Nikilimwaga likawa tupu, naweza kutumia hiyo njia ya moto, au kuchomelea kwa hewa moto?

fundi_plastiki

Hapana, ndugu yangu, usithubutu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu mvuke unaobaki umechanganyika na hewa, na hicho ndicho kinacholipuka. Poliethilini pia hunyonya petroli na kuiachia polepole, hivyo kuosha hakukupi uhakika. Gundi nayo haitashika uso ulioloa mafuta. Toa tangi hilo botini leo na uweke jipya.